Spoila ya Kaboni Halisi

Baba ametengeneza spoila, yale mabawa ya nyuma ya magari, miaka thelathini, na hajawahi kushika hata moja ya kaboni halisi. Zake zilikuwa za faiba ya kawaida, juu akibandika stika yenye michoro ya kaboni. Alinifundisha kuipasha moto ile stika na kuikunja kwenye pembe kwa kidole gumba mpaka ing'ang'anie. Ya kaboni halisi haina cha kukunja, michoro ni ya kitu chenyewe, na uzito wake hausikiki mkononi. Baba aliizungumzia kama mchumba aliyemkosa, hadi marehemu mama akawa anamnunia.

Sasa haoni tena na karakana ni yangu. Juzijuzi daktari wa meno alitaka nimwagizie spoila ya kaboni halisi. Nikakimbilia nyumbani.

"Baba, Jumamosi nakuletea uishike."

Mdomo wangu huu utaniponza.

Ijumaa daktari aliiona bei, akakaribia kukaa chini. Kwa hela hiyo angenunua za faiba kumi na chenji ibaki.

"Nibandikie tu stika, dada. Nani atajua?"

Nikatamani kumng'oa jino.

Jumamosi nilimkuta baba amenyoa ndevu, amevaa shati la kutokea, mikono safi juu ya magoti. Nikashindwa kusema ukweli. Nilirudi kwenye gari, nikachukua ile ya daktari niliyoibandika stika asubuhi, nikamwekea mapajani.

Aliinyanyua, akaishusha. Akapitisha vidole taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine. Kwenye pembe akasimama, na kidole gumba kikabaki pale. Hapo ndipo nilipokumbuka mkunjo wa stika.

"Nyepesi," alisema. "Nyepesi kweli."

"Umefurahi, baba?"

"Sana, mwanangu." Akaigusa pembe tena. "Na aliyekunja hizi pembe ana mkono mzuri. Mwambie nimesema."

Nikajibu nitamwambia. Aliikumbatia ile spoila mpaka chai yake ikapoa, na mimi sikuthubutu kuidai.

Tangu siku hiyo, kila mteja anapouliza bei ya kaboni halisi, namtajia polepole huku namwangalia usoni, naomba moyoni asishtuke.