Mshahara wa Akra

Mimi na Osarugue tulijifunzia kuandika programu kwenye kompyuta moja yenye kioo kilichopasuka, pale Yaba, mtaani kwetu Lagosi, yeye saa mbili, mimi saa mbili. Kampuni moja ikatuajiri sote siku ileile. Ilipofungua ofisi Akra ikamchukua yeye. Mimi nikabaki Lagosi.

Asubuhi moja akanitumia karatasi yake ya mshahara. "Dadangu, nipigie hesabu. Mwenye nyumba huku anataka kodi ya miaka miwili kwa mkupuo. Kampuni ikinikopesha, wakawa wananikata kila mwezi, nitamudu?"

Nikaitazama. Dola elfu moja na mia nne. Mimi, kwa kazi ileile, mia tisa, na theluthi yake inaishia kwenye mafuta ya jenereta! Roho iliniuma mpaka chai ikanishinda.

"Utamudu, shosti," nikamjibu. "Chukua hiyo nyumba."

Kisha nikamwandikia bosi wetu, Bwana Adegoke. Najua Akra wanalipwa kiasi gani, nikamwambia. Kazi moja, mishahara miwili, haki iko wapi?

Wiki mbili nzima niliitumia ile nyongeza kichwani. Nilishanunua betri za sola, nilishabadilisha friji. Barua ikaja kwa wafanyakazi wote: kuanzia mwezi ujao, kazi moja mshahara mmoja, na mshahara wenyewe ni ule wa Lagosi.

Nilifurahi. Sikuongezewa hata senti, lakini nilifurahi, nikaagiza na wali wa jolofu na nyama mbili.

Sijamaliza kula, Osarugue akapiga simu analia. "Ebiere, wamenikata mia tano! Na mkopo wa nyumba nishasaini! Nani huyo mwenye roho mbaya hivi?"

"Binadamu hawana wema, dadangu. Ongeza sauti, sikusikii."

"Mbona mimi nakusikia? Ebu ngoja... hilo jenereta?"

"Ndilo."

"Mchana wote huu? Jamani! Pole, mpenzi. Unafanyaje kazi na makelele hayo? Huku umeme haujakatika wiki ya tatu sasa."

Alisema hivyo huku akipenga kamasi, bila maringo hata kidogo. Nyuma yake nilisikia feni tu, ikizunguka taratibu. Tulikuwa sawa sasa, mia tisa kwa mia tisa, na bado yeye ndiye aliyekuwa akinionea huruma.