Ndege Isitue Hapa

Elvina alianza kutandika maturubai kulipopambazuka tu, kabla Conrad hajapata habari na kuja kumzuia. Yalikuwa mawili, ya rangi ya chungwa, marefu kuliko nyumba. Aliyakunjua taratibu yasipige kelele, akayapishanisha katikati ya njia ya kurukia ndege, kisha akaanza kubeba mawe ya kuyabania, moja moja, akilishusha kila jiwe kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto. Rubani yeyote akiiona X ile kutoka juu anajua uwanja umefungwa, na hana la kuuliza.

Hatua mia mbili kutoka hapo, nyuma ya tuta la kokoto, walikuwa wamelala walarasi, wanyama wa bahari ya barafu, wakubwa kuliko ng'ombe. Maelfu. Wamebanana ubavu kwa ubavu, meno yao marefu yakielekea kila upande, wanakoroma na kunuka. Hawakuwahi kuja upande huu. Ufuo wao wa zamani ulikuwa mashariki ya kisiwa, lakini bahari imeumega miaka mitatu mfululizo, barafu wanayolalia nayo mwaka huu imekataa kuja, kwa hiyo siku nne zilizopita walipanda hapa, kando ya uwanja wa ndege wa kijiji. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinakwenda kwa miguu. Pikipiki zimezimwa, mbwa wamehamishiwa mbali, kengele ya shule imevishwa soksi. Ndege za posta zimeambiwa zisubiri, na aliyeziambia ni Elvina, mtunza uwanja kwa mwaka wa kumi na tisa sasa.

Ila ndege ya leo haikuwa ya posta. Ilibeba wajumbe wa nchi mbili, waliokuwa wanakuja kusaini hapa hapa kijijini mkataba wa kuwahesabu walarasi kwa pamoja na kuwalinda pande zote mbili za bahari. Na kati ya wajumbe hao alikuwamo Zoya.

Zoya ni binti wa baba mdogo wa Elvina, wa upande wa Urusi, ng'ambo ya bahari, na katika ukoo wao mtu wa namna hiyo ni dada, basi. Walionana mara moja tu, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Walilala kitanda kimoja wiki mbili, wakicheka usiku mpaka wanafokewa. Sasa kibali cha Zoya cha kuvuka mpaka kilikuwa kinaisha kesho, na kibali kingine hakuna aliyejua kitapatikana lini. Jikoni kwa Elvina kulikuwa na sufuria ya nyama ya walarasi wa mawindo, chakula chao tangu mababu, mkate wa kukaanga, na ngozi ya nyangumi, utamu wa kwao, aliyoificha tangu Mei ili wajukuu wasiione.

Conrad alifika anahema, ndani ya koti jipya. Ni mwenyekiti wa kijiji, na pia mtoto wa kaka yake Elvina.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Punguza sauti."

Conrad akashusha sauti, na mtu mzima anayefoka kwa kunong'ona anachekesha, apende asipende. "Shangazi, hao watu wanakuja kuwaokoa hao wanyama!"

"Basi waje kwa miguu."

"Acha utani! Tumepika siku tatu. Wakigeuka watasaini kwingine, na sisi tutabaki kusimuliwa. Mara moja tu kijiji hiki kinaitwa mezani, na wewe unafunga mlango!"

"Huo mkataba umeusoma?"

"Nimeusoma."

"Ukurasa wa nne unasemaje?"

Ukurasa wa nne ulisema ndege yoyote isisogee mahali walipolala walarasi. Wajumbe waliuandika wenyewe, wakausifu, kisha wakakodi ndege.

"Bado haujasainiwa," alisema Conrad.

"Kwa hiyo wafe kwanza, ndipo usainiwe?"

Conrad aliinama akanyanyua jiwe. "Mimi ndiye mwenyekiti. Natoa."

Elvina akaketi juu ya turubai, akanyoosha miguu. "Nitoe na mimi, basi. Mwaka ule wa ndege ya wapiga picha, tulivuta walarasi wafu wangapi wewe na mimi?"

"Shangazi..."

"Wangapi?"

"Mia moja na kumi na wawili."

"Wakubwa?"

"Ndama," alisema Conrad. Mvumo ulipopita juu, wakubwa walikimbilia majini wote kwa pamoja, na ndama walikuwa njiani, wakakanyagwa. Conrad alitapika siku ile, na Elvina ndiye aliyemshika kichwa.

Conrad alikuwa bado amelishika lile jiwe wakati redio ya mkononi ilipokwaruza.

"Uwanja, tumebakiza dakika ishirini. Hali ikoje?"

"Umefungwa," alijibu Elvina. "Walarasi wako kando yake. Usipite hata juu. Geuzia nyuma ya mlima."

"Mama, nina wakubwa humu. Wanasema mkutano umepangwa tangu mwaka jana."

"Waambie walarasi hawakupata barua."

"Wanauliza amri umepewa na nani."

"Na Elvina. Wakitaka kumshitaki, nyumba yake ni ya bluu."

Conrad akajishika kichwa. Redio ikakwaruza tena, na safari hii ilitoka sauti ya mwanamke, kwa lugha yao wenyewe.

"Wewe, bado mkaidi vile vile?"

Elvina aliisogeza redio sikioni. Alikuwa amejiandaa kugombana na nchi mbili, lakini hakujiandaa kwa sauti hii.

"Ndiyo mimi, dada."

"Nyama umechemsha?"

"Sufuria nzima."

"Nilijua. Wana ndama?"

"Wengi. Wengine wamelala migongoni kwa mama zao."

"Upepo?"

"Unatoka kwao kuja kwetu. Hawajui hata kama nipo."

"Vizuri." Zoya alivuta pumzi. "Hawa wananitolea macho. Wanangoja nikuombe ufungue."

"Usiniombe, Zoya. Ukiniomba nitafungua."

"Ndiyo maana siombi. Nimeshamwambia rubani ageuze. Mimi ndiye ninayewawakilisha wawindaji wa kwetu, bila saini yangu hawana mkataba. Na sitii saini mpaka waandike kwamba mtunza ufuo akisema umefungwa, umefungwa, awe wa kwenu au wa kwetu."

"Watakubali?" Conrad aliropoka juu ya bega la Elvina.

"Nani huyo?"

"Mtoto wa kaka."

"Mwambie tuna saa nzima mpaka tutue mji wa Nome, na humu ndani hakuna pa kunikimbia."

Conrad alicheka bila kutaka. Akainama, akalirudisha jiwe mahali pake, polepole.

"Zoya," alisema Elvina, "ukiwa nyuma ya mlima siioni hata hiyo ndege."

"Najua. Na mimi naona kilele chenu tu. Mwakani nitakuja kwa boti. Nikikaribia nitazima injini, nipige makasia."

"Utazeekea njiani."

"Basi pokea kizee."

Redio ikanyamaza. Elvina alitega sikio upande wa mlima asisikie kitu, maana rubani alikuwa amepita mbali, kama alivyoagizwa. Nyuma ya tuta ndama mmoja aliteleza kutoka mgongoni kwa mama yake, akaparamia tena, akalala. Ndipo Elvina alipolia, akiwa ameuma mkono wa koti lake, asije akawaamsha.