Kofia ya Idi ya Mwaka Jana

Nilizoea kusema kwamba mwanangu alichukuliwa. Kwanza na jeshi, halafu na mke. Nimelisema hilo msibani, nimelisema harusini, hata muuza samaki wa mtaa wetu hapa Ngamiani analijua. Leo nataka niseme kweli, maana nimechoka kuibeba. Mutasim hakuchukuliwa na mtu. Nilimtoa mwenyewe, kwa mkono wangu huu wa kulia, asubuhi moja ya Ramadhani, mbele ya mizani.

Baba yake alifariki mtoto akiwa darasa la nne. Nikamlea peke yangu kwa kuuza vileja na kushona foronya. Ndugu wa marehemu wana mashamba na majumba, na asili yao ya Omani wanaihesabu babu kwa babu, lakini hakuna aliyeniletea hata pishi ya mchele. Kwa hiyo mtoto akawa wangu, wangu kabisa. Alipoingia jeshini nililia wiki nzima. Alipokuja na habari ya kumuoa Tabia, binti wa mkulima wa karafuu kutoka Pemba, sikulia. Nilinuna, na kununa kwangu kulidumu miaka mitatu.

Tabia hakuwa na kosa. Nalisema sasa, wakati halimfai kitu. Alikuwa mtaratibu, mwenye mkono mwepesi jikoni, na hodari wa kushona kofia za mkono, hizi za kutobolewa vitundu vidogo na kuzungushiwa uzi mpaka macho yaume. Tangu uchumba wao, kila Idi alimshonea mume wake kofia mpya. Haikupita Idi bila kofia. Mutasim alikuwa akiivaa kwenda kuswali, akirudi anaivua mlangoni kwa mikono miwili na kuitazama kabla ya kuitundika. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye, roho inaniuma.

Mwaka juzi alipelekwa kulinda amani Afrika ya Kati. Tabia akabaki kwangu. Simu ilikuwa ya shida kule, mtandao unakuja na kuondoka, na ulipokuja aliyepigiwa kwanza ni mke. Mimi nilipewa salamu za mwisho, tena nusu yake ilikatika.

Kisha, mwezi wa Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani, wakagombana. Kikosi kilikuwa kinatafuta wa kuongeza muda, na Mutasim alitaka kujiandikisha. Tabia akamwambia asithubutu, kwamba yeye hakuolewa na picha. Simu ilikuwa inakatika, kila mmoja anasikia nusu ya maneno ya mwenzake na anajibu hiyo nusu. Mwishowe mwanangu akatamka talaka. Moja. Nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele, nikamwona Tabia anatoka chumbani na simu mkononi, uso umemkauka.

"Mama," akaniambia, "n'shaachwa."

Talaka moja, kama wajuavyo wenye kujua, haimalizi neno. Mke anakaa eda palepale nyumbani kwa mume, twahara tatu, kama miezi mitatu hivi, na wakati wote huo mume anaweza kumrejea kwa kauli tu, bila ndoa mpya wala mahari. Eda ikiisha bila kurejewa, basi tena, anakuwa mwanamke huru na njia yake ni nyeupe.

Siku ya pili Mutasim alinipigia mimi. Mimi kwanza.

"Mama, nilipitiwa," akasema. "Yeye anasemaje?"

"Hasemi kitu."

"Nataka kumrejea."

"Usiwe mwepesi, baba. Ukimrejea leo, kesho atakupanda kichwani. Mwache akae kwanza, aonje."

Akaniuliza habari za mguu wangu mbovu. Tangu siku hiyo alinipigia karibu kila siku. Tuliongea ya zamani, tukacheka, akanihadithia mvua za kule na mpishi wao asiyejua kukuna nazi. Wallahi nilifurahi. Nilikuwa na mwanangu tena, na katika chumba cha pili mke wake alikuwa amekaa eda anasubiri neno moja, nami nasikia sindano yake ikigonga kwenye pete ya kidole.

Tabia kumpigia hakumpigia. Alisema aliyelitoa neno ndiye wa kulirudisha. Mwanangu naye alikuwa na aibu, akaona akimrejea mtu aliyekwisha mchukia atakuwa anamfunga kwa nguvu. Wote wawili walikuwa wanatafuta dalili, na dalili yenyewe ilikuwa inashonwa.

Ramadhani ilipofika katikati, tukaarifiwa kuhusu masanduku ya Idi. Mke wa meja mmoja, mama Praxeda, anakaa Raskazone, ndiye aliyekuwa akikusanya. Yeye ni Mkristo, na Krismasi huwakusanyia wa kwao vivyo hivyo. Kila familia sanduku moja, kilo tano, lisizidi, maana linakwenda Dar es Salaam na kutoka huko linapakiwa kwenye ndege pamoja na mizigo ya kikosi.

Tulipika siku mbili. Niseme kweli, alipika Tabia, mimi nilikaa kwenye kiti na kutoa amri. Alikaanga visheti vikawa vyepesi vinavunjika mdomoni, akachoma vileja, akakaanga pilipili ya kusaga na kuitia chupani. Mimi nilinunua halua na tende. Tulipokuwa tunapanga, akaja na kopo la maziwa ya unga, mfuniko wake umezungushiwa utepe wa gundi.

"Mama, nami n'na changu cha kutia."

"Nini hicho?"

"Kofia yake. Nimeitia humu isibonyee."

Alikuwa ameipima kwa uzi kutoka kwenye kofia ya zamani, maana alihofia mumewe amekonda. Aliliweka kopo katikati ya sanduku, akalizungushia visheti, akalipapasa kidogo kama mtu anayemlaza mtoto. Halafu akaenda kuoga.

Asubuhi nikachukua bajaji mpaka Raskazone. Mama Praxeda alikuwa kibarazani kwake na daftari na mizani ya kuning'iniza.

"Shikamoo mama Mutasim."

"Marahaba mwanangu."

Akalitundika sanduku, akatazama. "Limezidi kidogo. Gramu mia mbili hivi. Utoe kitu kimoja."

Nikafungua. Mkono wangu haukusita. Nikatoa kopo.

Akalipokea, akalitikisa sikioni. "Hili mbona jepesi? Kuna nini ndani?"

"Kofia tu."

"Basi kofia uitoe kwenye kopo, uikunje, uitie ubavuni. Kopo ndilo lina uzito. Au punguza hii halua kipande."

"Mwanangu anapenda halua," nikasema. "Na kofia ikikunjwa itaharibika."

Aliniangalia. Si mwanamke wa maneno mengi. Akalitundika sanduku tena, kilo tano kamili, akaandika jina la Mutasim kwenye daftari. Mimi nikalitia kopo kwenye mkoba wangu, chini ya mtandio, nikarudi nalo nyumbani na kulifukia ndani ya kasha, chini ya nguo za marehemu.

Watu wataniuliza kwa nini. Nimejiuliza zaidi yao. Sikukusudia waachane. Nilitaka mwezi mmoja zaidi wa zile simu, basi. Nilijiambia Idi ikipita nitamwambia mwenyewe amrejee. Nilijiona mimi ndiye mwenye funguo.

Siku nne kabla ya Idi, Mutasim alipiga alasiri.

"Mama, sanduku limefika. Visheti wenzangu wamevimaliza."

"Alhamdulillahi."

"Hakuna kingine?"

"Kingine kipi, baba?"

Simu haikukatika.

"Hakuna," akasema. "Nilidhani labda kuna kingine."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Palikuwa papana, panatosha hata mtu mwenye mguu mbovu. Nikamuuliza futari yao ya siku hiyo ni nini.

Idi mosi hakupiga kwa Tabia. Idi pili hakupiga. Tabia alivaa vizuri siku zote mbili, akatia udi chumbani, akaja kukaa karibu yangu kila simu yangu ilipolia. Siku ya tatu, nikiwa nakosha vyombo, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, lile kopo lilifika?"

"Lilifika."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

"Haya," akasema. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha vyombo nilivyokuwa nakosha, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

Eda yake ilitimia siku ya tisa baada ya Idi. Kaka yake Saleh alikuja na boti kutoka Pemba kumchukua. Tabia alifagia chumba, akakunja mashuka, akaniachia uzi na sindano zake kwenye kikapu akisema huenda zikanifaa. Kisha akapiga magoti mbele yangu, barazani, watu wanapita.

"Mama, tumekaa pamoja. Kama kuna nilipokukosea, niwie radhi."

Nami, Muzna binti Amur, nikamwekea mkono kichwani na kumwambia, "Nimekuwia radhi, mwanangu." Mwenyezi Mungu alikuwa anasikia. Sijui alifanya nini na radhi ile.

Mutasim alirudi mwezi wa nane. Muda hakuongeza tena, kumbe. Alikuwa amekonda kweli. Alizunguka nyumba, akafungua mlango wa chumba chao, akasimama hapo. Jioni tulikaa barazani akaniambia jambo ambalo silisahau.

"Mama, lile sanduku nililimwaga lote kitandani. Nilivunja hata visheti. Nikasema labda ametia uzi tu, au karatasi. Angenitumia hata sindano, ningemrejea siku ileile."

Ulimi ulikuja mpaka menoni. Kopo lilikuwa hatua kumi kutoka alipokaa. Bado palikuwa na nafasi wakati ule: eda ilikwisha, lakini wangeweza kufunga ndoa upya, talaka ilikuwa moja tu. Ningesema tu, angepanda boti ya kesho yake. Nikamwangalia mwanangu alivyokuwa karibu, nikaona nikisema ataniangalia vingine. Nikamwambia, "Riziki, baba." Naomba Mungu anisamehe neno hilo kuliko mengine yote.

Mwezi wa kumi na moja tukapata habari kwamba Tabia ameolewa hukohuko Pemba, na mtu mmoja, mkulima. Mwanangu alisikia, akasema "Mungu awape heri," akaenda kujiandikisha tena. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumkataza. Mimi ningemkatazaje?

Sasa Ramadhani nyingine imekuja. Niliwasha jiko nikajaribu visheti, vikatoka vigumu, unaweza kumpigia mtu. Niliketi sakafuni jikoni na unga mikononi, nikalia kwa sauti. Simu zake bado nilikuwa nazipata, zile zile nilizozinunua kwa bei ile, na kila nilipomsikia anacheka nilijua anacheka na mtu asiyemjua. Nikaona heri anichukie akinijua.

Nikafungua kasha. Kopo lilikuwa na kutu kidogo ukingoni, gundi haijaguswa. Sikulifungua, kofia haikuwa yangu. Nikaliweka kopo peke yake sandukuni, na karatasi juu yake, kwa mwandiko wangu huu wa madrasa: *Hii ni kofia ya Idi ya mwaka jana. Tabia aliitia. Niliitoa mimi. Yeye nilimwambia imefika. Mama yako.*

Mama Praxeda alilitundika sanduku, mshale wa mizani ukagoma kusogea.

"Mama, mwaka huu una nafasi ya kilo nne na ushei. Visheti viko wapi?"

"Aliyekuwa anavipika hayupo."

Akachungulia, akaliona kopo. Najua alilikumbuka. Akafunga sanduku taratibu na kuandika jina, na wakati wa kuniaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Masanduku yalifika, maana wenzangu walisimuliana. Kwangu simu haikulia. Siku tano, sita. Idi mosi nilikaa na simu pajani tangu waliporudi msikitini mpaka adhuhuri, nikiwapa watu mkono wa Idi bila kuwaona. Idi pili, hakuna. Nikasema basi, nimelipata nililolitafuta.

Siku ya tatu, alasiri, ikalia.

"Mama."

"Naam, baba."

Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Nilikuwa nimepanga hata majibu, kwamba ana haki, kwamba aseme yote. Hakutukana.

"Imenitosha," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nilikonda, na imenitosha vilevile. Sijui alijuaje."

"Alikupima kwa uzi."

Nilisikia watu wanaongea nyuma yake, na chombo kinaanguka mahali.

"Mwambie," akaanza. Halafu akakumbuka kwamba Tabia sasa ni mke wa mtu, wala hapelekewi salamu ya namna ile, na akaliachia neno hapohapo. Nami nilikuwa nimekwisha inuka kitini, na mguu wangu mbovu, kama mtu aliyetumwa Pemba.