Stata ya Pikapu la Baba

Stata ya lile pikapu kuukuu ilijificha nyuma ya injini, chini ya bomba la moshi, mahali ambapo mkono huingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi. Mwanamke mmoja, mshonaji wa nguo, alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini, uani kwake, mkono wa kulia umezama hadi begani. Ndiyo kwanza amemaliza kukaza nati ya mwisho ya stata mpya, kaka yake akaingia.

"Toka hapo! Gari la marehemu nimeshalipatia mnunuzi."

"Baba aliniachia mimi, kaka. Na ulikuwepo akisema."

"Mwanamke na gari wapi na wapi!"

Akang'oa chuma kilichoshikilia boneti, akambamiza boneti lenyewe mgongoni. Akambamiza tena. Mfupa wa mkono ukavunjika, mshonaji akapiga ukelele uliowatoa majirani ndani. Mkono wa kushoto ukapapasa, ukaikuta spana. Aliizungusha bila kuangalia, ikampata kaka mdomoni, meno yakamwagika. Kaka akaenda chini. Dada mtu akajichomoa, akamkalia kifuani, akampiga, akampiga, mpaka majirani wakamshika.

Kaka hakutikisika tena.

"Mpakieni garini," mshonaji akasema akitweta.

Jirani akageuza ufunguo, pikapu likanguruma papo hapo. Nyuma, mshonaji alikipakata kichwa cha kaka yake, akimfuta damu kwa upande wa gauni.

"Usife, mshenzi wewe," alimlilia njia nzima. "Kaka, usife."

Walipofika hospitali, kaka alikuwa bado anapumua.