Somo la Mlango wa Kabati

Hisabati hainibabaishi, ila simu mimi naijua kwa kupiga na kupokea, basi. Kwa hiyo mkuu wetu wa shule alipotangaza kwamba muhula huu tutafundisha kwa mseto, nusu darasani nusu mtandaoni, na asiyeweza kutengeneza somo la video atampisha mwenzake kwenye darasa la mtihani, nilijua anayesemwa ni mimi. Darasa lile nimelilea tangu halijui kushika bikari. Niliachie njiani? Ng'o.

Mkufunzi aliyeletwa alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wangu. Alifundisha vizuri, sina neno naye.

"Mama, usinyamaze katikati ya somo," aliniasa. "Video ikikaa kimya, mtoto anaifunga anakwenda kucheza."

Nikaitikia, nimekuelewa mwanangu, na kumbe hakuna kilichoingia.

Nyumbani hatuna ubao. Nikachora pembetatu yangu kwa chaki kwenye mlango wa kabati la nguo, mume wangu akashika simu.

"Kabati hilo tulilinunua tulipooana," akanikumbusha.

"Shika simu, baba, acha maneno."

Nikajifunga kibwebwe nikafundisha. Lakini mazoea yana tabu. Mimi darasani nikiuliza swali naliacha linaning'inia, wanafunzi wanalimalizia kwa pamoja. Basi nikasema, "Pembe zote za ndani za pembetatu, ukizijumlisha, unapata...?" Nikasubiri kabati linijibu. Mume wangu akakohoa. Nikanyoosha kidole: "Wewe wa nyuma, siyo mia tatu na sitini. Hiyo ni ya pembenne, kwa sababu pembenne ni pembetatu mbili zilizoungana. Fikiri kabla hujafungua mdomo." Kila mwaka hakosi mmoja wa kusema mia tatu na sitini, kwa hiyo ulimi ulijiendea wenyewe.

Kukata vipande sikujua, nikaituma hivyo hivyo.

Siku ya kuonyesha tulijaa chumba cha walimu. Mkuu, ambaye ni mtu wa historia, alijikalia zake nyuma karibu na mlango. Video za wenzangu zilipita, zina muziki na herufi zinazoruka. Ikaja yangu: mimi, kabati, na suruali ya mume wangu iliyotundikwa inachungulia pembeni. Vicheko vikaanza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana darasa langu nililiona linakwenda.

"Unapata...?" video ikauliza, ikanyamaza. Mkufunzi akainamisha kichwa.

"Mia na themanini," chumba kizima kikajibu, mpaka mpishi aliyekuwa anapita na chai.

Na kule nyuma, mkuu, kwa kujiamini kabisa: "Mia tatu na sitini."

"Wewe wa nyuma," video ikamjibu, na yote yaliyofuata akayapata.

Watu walicheka hadi viti vikalia. Mimi sikucheka, mkubwa akichekwa, hujui hasira zake zitamshukia nani. Mkuu akavua miwani, akafuta machozi, ndipo nikaona na yeye anacheka.

"Darasa lako huondoki, mwalimu," akasema. "Ila hiyo ya pembenne bado haijaniingia. Irudisheni nyuma."

Mkufunzi akairudisha mara mbili. Mara zote mbili yule mimi wa kwenye video akamweleza mkuu vile vile, bila kuongeza hata chembe ya ukali. Nikasalimu amri kwa teknolojia papo hapo, maana mimi mwenyewe, mara ya pili tu, ningekuwa nimeshamtoa nje.