Hema la Mtu Mwingine kwenye Ukurasa Wangu

Nilikuwa napita tu kwenda kununua sabuni. Lango la Béatha lilikuwa wazi, na uwanjani kwake nikaona vijana wawili waliovaa fulana za kijani wakinyoosha kamba ya kupimia kutoka ukutani hadi kwenye tangi la maji. Vijana wangu huvaa fulana za zambarau. Sikuhitaji kuuliza wale walikuwa wanapima nini. Walikuwa wanapima nafasi ya mahema.

Jumamosi ilikuwa siku ya gusaba ya Annick, binti wa Béatha. Ukoo wa kijana ungekuja kumwomba binti, wazee wa pande mbili wangebishana kwa maneno matamu, ng'ombe wangetajwa, maziwa yangenywewa. Mimi kazi yangu ni kukodisha vitu vya siku kama hiyo: mahema, viti, ibyansi, yaani vile vyombo vya mti vya maziwa, vikapu vya kusuka, na mishanana, nguo za wasichana za kufunga begani. Béatha ni jirani yangu hapa Masaka, ukuta wetu ni mmoja. Yeye amekulia Bujumbura, mimi Bukoba, na tulipohamia hapa kwenye watu wa Kinyarwanda, Kiswahili ndicho kilichotufanya tuzoeane kabla hatujajua majina ya wengine.

Mwezi uliotangulia tulikuwa tumeongea habari ya gusaba hiyo vizuri kabisa. Nikamwambia kama ninavyomwambia kila mtu: agiza kwenye tovuti. Agizo la mdomo silipokei, hata la dada yangu. Watu wakiagiza kwa mdomo nasahau, wao hawasahau, na ugomvi huanza siku ya sherehe.

Agizo lake halikuja.

Mimi si mtu wa kuzungukazunguka, lakini kuna mambo hata mimi siyaulizi. Huendi kwa mwenye sherehe kumwambia, "Mbona hujaniagiza?" Ni kama kujialika mezani. Basi nikanyamaza, na kila Jumapili kwenye kwaya tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto, tukaachana. Nilipoziona zile fulana za kijani, nikaona jibu langu limekuja. Amepata wengine, na ameona haya kuniambia.

Ningeweza kuendelea na safari yangu ya sabuni. Nikasukuma lango.

Béatha alikuwa ameketi barazani na ungo mapajani, anachambua mchele. Aliponiona uso ukachangamka.

"Mama Shami, karibu! Vijana wako wana bidii. Wamefika asubuhi, hata chai wamekataa."

"Vijana wangu?"

"Si wewe umewatuma?"

"Mama Annick, wale si vijana wangu."

Akacheka. "Acha mchezo."

"Tazama fulana."

"Nimeiona. Nikasema, Mama Shami amebadilisha rangi. Nikasema nisimuulize, labda ile zambarau ilichuja."

"Haijachuja! Uliagiza wapi?"

"Kwako!" Sasa akaweka ungo chini. "Kwenye ile tovuti yako, kama ulivyotuamuru. Maana kwako hata jirani lazima apite kwenye mashine."

"Nionyeshe."

Akatoa simu, akafungua tovuti yangu. Juu kabisa jina langu. Chini yake picha ya ibyansi vyangu. Na chini ya picha kisanduku kikubwa, kikubwa kuliko jina langu, chenye maandishi meupe: *Mahema na viti vya gusaba. Agiza sasa.* Kitufe chake kilikuwa cha kijani, kinang'aa kama embe lililopakwa mafuta. Kitufe changu mwenyewe kilikuwa chini sana, kidogo, cha zambarau, kimekaa kwa adabu. Na kwenye pembe ya kile kisanduku, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, palikuwa na neno "Tangazo".

"Mimi nilibonyeza hapa," akasema Béatha. "Hapa si kwako?"

Niliketi pale pale kwenye ngazi.

Yale matangazo yaliwekwa na mdogo wangu Keith, anayefanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja Kacyiru, na ndiye aliyenitengenezea tovuti. Aliniambia, "Dada, watu wengi wanasoma kurasa zako bure. Weka matangazo, nawe upate kidogo." Nikamwambia sitaki kamari wala wanawake nusu uchi kwenye tovuti ya gusaba. Akasema haya si hayo. Haya yanasoma ukurasa unazungumzia nini, kisha yanaleta kitu cha aina hiyo hiyo. Nikaona ni akili. Sikufikiria mbele ya hapo. Ukurasa wangu unazungumzia mahema ya kukodisha, basi yakaleta mahema ya kukodisha. Ya mtu mwingine.

Nilipaswa kukasirika. Lakini kwanza kifua kilifunguka, nikavuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu mwezi uliopita. Hakuniacha. Alikuwa ananiagiza mimi.

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu Béatha alikuwa ameanza kufikiri.

"Sasa ibyansi je? Na vikapu? Na mishanana ya wasichana? Mimi niliandika pale, 'na vile vingine tulivyoongea'."

Nikamwita mmoja wa wale vijana. Nyinyi mnaleta nini Jumamosi? Mahema, mama. Na viti. Na jenereta umeme ukikatika. Basi? Basi, mama.

Béatha akashika mdomo. "Mana yanjye, Mungu wangu! Wakwe watakunywa maziwa kwenye vikombe vya plastiki? Mbele ya shangazi yake yule kijana? Yule mama ataongea mpaka mjukuu wa Annick aolewe." Kisha akaniangalia kama mtu anayeogopa kuuliza. "Hukuona agizo langu. Vitu vyako vya Jumamosi umeshavitoa."

"Sijavitoa."

"Msimu huu wa harusi?"

"Kuna familia ya Kacyiru ilivitaka. Wakapiga simu, wakapiga tena. Nikawaambia Jumamosi ina mtu."

"Mtu gani?"

"Wewe. Ulikuwa bado hujaagiza, basi."

Akainua ncha ya kitenge chake kupangusa macho. Mimi mambo hayo siyawezi.

"Usilie, una mchele wa kuchambua," nikamwambia. "Nipe namba ya huyo mwenye fulana za kijani."

Mwenye fulana anaitwa Benon. Ana ghala Masoro, na nilipomsalimu kwenye simu akaniita nyabo, yaani mama, nikajua amekulia Uganda.

"Hallo, nyabo."

"Naitwa Winifred, wa Masaka."

"Aaa! Winifred mwenyewe yupo!" Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Nina mteja huko kwenu, kila ujumbe ananiita Winifred. 'Asante, Winifred.' 'Mungu akubariki, Winifred.' Nikadhani labda ndivyo Warundi wanavyomwita mtu wanayemheshimu."

"Hukumuuliza?"

"Nyabo, mteja akikubariki utamuuliza nini? Jana ameniandikia nisisahau mishanana. Mimi mishanana nitaitoa wapi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu hakuna shida."

"Benon!"

"Mama wa binti, siku mbili kabla ya gusaba, utamwambia kuna shida? Wewe ungethubutu?"

Nikatazama uwanja ule, nikatuhesabu tulionyamaza. Béatha aliona fulana ngeni akanyamaza kwa heshima. Benon aliitwa Winifred akanyamaza kwa heshima. Na mimi nilinyamaza kwaya nzima, mwezi mzima. Heshima zetu tatu zilikuwa zinampeleka Annick kwenye vikombe vya plastiki.

Tulimaliza kwa maneno machache. Mahema yake yalikuwa mazuri na tayari yamepimwa, basi yabaki. Vitu vya asili ninaleta mimi, kila mmoja alipwe kwa vyake. Na Benon, ambaye miaka yote alikuwa akiulizwa vikapu na ibyansi akisema hana, akaniomba niwe mwenzake wa upande huo kuanzia sasa.

"Ila lile tangazo usiliondoe, nyabo. Linafanya kazi sana."

"Hilo litaondoka leo kabla jua halijazama."

Keith alikuja jioni akitoka kazini, bado amevaa kitambulisho cha ofisi shingoni. Nikamweleza yote akiwa anakula.

"Lakini dada, tuseme ukweli. Tangazo lilifanya kazi yake. Lilileta mteja."

"Lilimtoa kwangu, likampeleka kwa Benon. Ule ukurasa ni duka langu, Keith. Nani anamruhusu mwenzake aweke meza mlangoni pake, auze kitu kile kile?"

"Basi tuyaondoe yote. Nilijua utasema hivyo."

"Nani amesema yote? Kula."

Maana nilikuwa nimekwisha kulifikiria. Tovuti yangu ina kurasa nyingine ambazo siuzi kitu. Humo nimeandika jinsi gusaba inavyokwenda: nani huanza kusema, msemaji wa upande wa binti anajibu nini akitaniwa, mtu asiyejua Kinyarwanda akae wapi. Wanaozisoma wako Bukoba, wako Mbarara, wako Ulaya, wana mpwa anayeoa na hawataki kuaibika. Hao hawatakodi kwangu hata kiti kimoja. Nimeyaangalia matangazo yanayokuja huko: suti, tiketi za ndege, maziwa ya pakiti. Hakuna linalonigusa, na msomaji huenda akalihitaji. Kinachopatikana huko ni kidogo, lakini kinatosha kuilipia tovuti ibaki hewani, na mimi zaidi ya hapo siyadai. Matangazo yakae pale ambapo siuzi. Pale ninapouza, niuze mwenyewe.

"Kwa hiyo yana faida au hayana?" Keith akauliza. "Nijibu kitu kimoja."

"Yana faida kwenye ukurasa wa shangazi wa Mbarara. Kwangu mlangoni hayana. Toa simu yako, uondoe sasa hivi, nikikuona."

Akaondoa. Na kitufe changu cha zambarau nikamwambia akipandishe juu na akinenepeshe.

Jumamosi mvua ilishuka katikati ya hotuba, wazee wakawa wanabishana kwa kupaza sauti juu ya kelele za maji. Mahema ya Benon hayakuvuja hata tone. Yeye mwenyewe alikuja na suti, akasimama nyuma akiangalia vijana wake na wangu, kijani na zambarau, wakigawa viti pamoja. Wasichana wakaingia na vikapu kichwani, mishanana ikiwa imekaa begani sawasawa. Maziwa yakamiminwa kutoka kwenye ibyansi vyangu. Shangazi wa kijana, yule wa kuogopwa, akakipapasa kimoja, akakigeuza, akatafuta kasoro, asiione, akanyamaza. Annick akaolewa kwa maneno, ng'ombe wakakubaliwa, vigelegele vikapigwa.

Béatha akaja kuketi karibu yangu, miguu imechoka, uso unang'aa.

"Mama Shami, harusi ya kanisani iko mwezi ujao. Safari hii nibonyeze wapi?"

"Usibonyeze popote. Piga kelele juu ya ukuta, nitasikia."