Mguu Unaosukuma Gurudumu

"Mokdad, hicho chuma walichokutia mguuni, siku ya Kiyama utafufuka nacho?"

Swali hilo aliliuliza jirani yake Hsouna, kinyozi, mwaka ule Mokdad mfinyanzi aliporudi kutoka hospitali. Mshipa wa paja ulikuwa umeziba. Madaktari wakaupanua, wakaacha ndani yake kijibomba cha wavu wa chuma. Karakana nzima ilicheka. Mokdad naye akacheka, akaweka unyayo kwenye gurudumu la chini la kufinyangia, akasukuma, na udongo ukapanda kati ya viganja vyake.

Miaka sita ikapita. Vidonge vya kuzuia damu isigande alivimeza kila siku, mpaka Ramadhani iliyopita.

"Mwili nao ufunge," alimwambia mkewe, Mbarka.

Idi ikaja, ikaenda. Vidonge vikabaki kwenye kopo. Kufikia msimu wa kuchuma zeituni, kigimbi cha mguu kilikuwa kinakakamaa kabla hajafika kona ya hamamu, na unyayo ulikuwa baridi kuliko udongo wenyewe.

Daktari Ibtihel alimpima presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu. Akatazama picha ya mshipa.

"Pameanza kuziba tena, ami Mokdad. Ndani ya chuma chenyewe."

"Si mtazibua?"

"Tunaweza. Ila kazi ya pili mara nyingi haidumu kama ya kwanza. Na pakiziba kabisa, huenda tukazungumza habari ya kukata. Vidonge uvirudie leo. Na utembee. Nipe miezi mitatu."

"Binti yangu, mguu huu unasukuma gurudumu kutwa nzima!"

"Na hilo gurudumu limekufikisha wapi?"

Mokdad aliinama, akaushika unyayo wake.

"Tembea mpaka paume," daktari alisema. "Simama, maumivu yaishe. Tembea tena. Nusu saa, halafu uongeze."

Alasiri hiyo Hsouna alikuja kumjulia hali, akajimwaga kwenye mkeka.

"Atembee huku anaumia? Daktari gani huyo! Mguu ukiuma unataka kukaa. Nunua gurudumu la umeme, mzee, ukae kama sultani."

"Wewe Hsouna unyoe vichwa," Mbarka alisema, akiweka chini sinia la chai. "Miguu waachie wanaoijua."

"Mimi nasema kwa mapenzi, shemeji. Tazama upepo ulivyo huko nje! Mokdad, kunywa chai kwanza. Kesho ni siku pia."

Mokdad alikuwa ameshainama, anafunga kamba za viatu. Mguu wa kulia ulimchukua muda. Vidole vyake havikuwa na haraka. Alipoinuka, Mbarka alimnyooshea kiganja, kidonge kimoja katikati yake. Akasema bismillahi, akakimeza kwa funda la maji. Chai yake ya mnanaa ilikuwa inafuka kwenye bilauri.

Akaipita, akafungua mlango, akatoka kwenye upepo.